Namba 31 na Namba 32

Machi 3, Jumatatu

Daftari hili nimepewa na Muuguzi wa utafiti, pamoja na chupa ya kapsuli yenye namba 31. Dada amepewa daftari kama hili na chupa yenye namba 32. Kila siku tunatakiwa kuandika tumemeza kapsuli ngapi, tumekula nini, tumekwenda choo mara ngapi na tumetembea dakika ngapi. Chini kuna nafasi ya maoni, mistari miwili. Haitanitosha, nitaandika pembeni na nyuma ya ukurasa. Kurasa zimepigwa namba, kwa hiyo kuchana hakuwezekani. Madaftari yatakusanywa siku ya mwisho, Mei 26, na hayatasomwa kabla ya hapo.

Naandika kwa penseli ya kazini. Mimi ni fundi cherehani, miaka hamsini na nne, kilo mia moja na nane. Kiuno nilikipima nyumbani kwa futi yangu nikapata sentimita 116. Muuguzi kwa futi yake akapata 114. Futi yake imevutika. Futi ikivutika mteja hufurahi, lakini suruali haimwingii. Nilimwambia hivyo, akaandika 114.

Daktari wa utafiti alitueleza kwa kuchora mlango ubaoni. Insulini, anasema, inabisha hodi ili sukari iingie mwilini ikafanye kazi. Mtu akiwa na mafuta mengi tumboni, mlango unakuwa mzito kufunguka, na sukari inabaki nje ikizunguka kwenye damu. Kapsuli zina kitu kinachoitwa resveratroli, kinachopatikana kwenye maganda ya zabibu nyekundu. Wanataka kujua kama kitabadilisha bakteria wanaoishi utumboni, na kama bakteria wakibadilika mlango utalegea. Hawajui, ndiyo maana wanachunguza. Nusu yetu tumepewa dawa, nusu unga usio na kitu, na hata yeye hajui nani kapata nini.

Dada alinyoosha mkono.

"Sasa Daktari, huyo aliyepewa unga mnamchunguza nini?"

"Tunamlinganisha na mwenye dawa, mama."

"Na mwenye dawa akipata nafuu?"

"Tutajua kwamba dawa inafanya kazi."

"Na yule wa unga je?"

Daktari alisema huyo atapewa ushauri wa lishe. Dada akashusha mkono, lakini uso haukushuka.

Sukari kabla ya kula: mimi 6.0, Dada 6.6. Mstari ni saba. Ukiuvuka, ukapimwa mara ya pili ukawa bado uko juu, basi una kisukari. Mama yetu aliuvuka bila mtu kumchorea. Walianza kumkata vidole, wakamaliza na mguu. Alipofariki nilikuwa na miaka kumi na moja, na Dada kumi na tisa. Kuanzia hapo aliyenilea ni yeye.

Machi 4

Kapsuli mbili. Chai bila sukari, mkate vipande viwili, wali, maharage. Choo mara moja. Kutembea dakika ishirini. Hakuna maoni.

Machi 6

Kapsuli mbili. Mvua ya kwanza imenyesha mchana, dakika kumi tu, vumbi likatulia. Choo mara moja.

Machi 9, Jumapili

Kapsuli mbili.

Nieleze nyumba. Chumba cha mbele ndicho cha cherehani, kina dirisha la barabarani. Nyuma kuna meza ya kulia, jiko, na vyumba viwili vya kulala. Dada alihamia kwangu miaka sita iliyopita, mke wangu alipofariki. Alikuja kwa wiki mbili. Chupa zetu ziko jikoni kwenye rafu, pale palipokuwa na kopo la sukari. Zinafanana kwa kila kitu isipokuwa namba.

Dada alikuwa mpishi wa shule kwa miaka ishirini na saba. Shuleni aligawa kwa upawa mmoja, sawa kwa kila mtoto. Nyumbani upawa unapotea njia. Sahani yangu inafurika, yake inapata kilichobaki, na kabla sijafika nusu yeye anasukuma sahani mbele na kusema, "Mimi nimeshashiba." Amelisema neno hilo tangu tukiwa watoto. Lakini magauni yake nimeyaachia mshono mara tatu ndani ya miaka miwili. Mtu anayeshiba mapema hivi hapaswi kunenepa. Nadhani anakula nikiwa kwenye cherehani.

Machi 14, Ijumaa

Kapsuli mbili. Chai bila sukari, mkate vipande viwili. Mchana wali na maharage. Choo mara moja. Kutembea dakika thelathini.

Daftari lina kazi yake. Mkono ukienda kwenye kipande cha tatu, unakumbuka kwamba kuna mahali pa kukiandika.

Machi 17

Kapsuli mbili. Manyunyu kutwa. Choo mara mbili.

Machi 21, Ijumaa

Kapsuli mbili. Asubuhi tumbo la Dada lilinguruma mezani mpaka nikalisikia.

"Umesikia?" akasema. "Tangu wiki ya kwanza. Wale wadudu wa Daktari wamepata mgeni. Lako je?"

Nilisema langu limenyamaza.

"Kimya kabisa?"

"Kimya."

Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama nikirudi kutoka shuleni na magoti yenye damu. Sikuelewa ni kwa nini. Wiki zote hizi anapika maharage kila siku kwa sababu Muuguzi alisema bakteria wanayapenda. Mtu hahitaji zabibu ili maharage yangurume.

Machi 24, Jumatatu

Kapsuli mbili. Kiuno, kwa futi yangu, 113.

Mwalimu wa hesabu, mteja wangu wa miaka mingi, alipita kutoa salamu. Huyu ninamwachia mshono wa suruali kila muhula, na kila muhula anasema ni kitambaa kimesinyaa. "Fundi, umepungua," akasema. "Wamekupa dawa gani?" Nikasema sijui kama ni dawa. Lakini baada ya kuondoka nilijipima tena, na ilikuwa 113 ile ile. Nikafikiri: dawa iko kwangu.

Machi 31, Jumatatu

Siku ya kliniki. Tumebeba sampuli za choo kwenye vikopo vyao, mfuko ndani ya mfuko. Dada aliweka mfuko juu ya magoti na kuukumbatia kwa heshima zote. Mwanamke aliyekaa jirani alimuuliza kama ni chakula cha mgonjwa. Dada alisema hapana, kilishaliwa.

Mimi 5.8. Dada 6.7.

Muuguzi alimwambia asiwe na wasiwasi, ni tofauti ndogo. Dada alisema hana wasiwasi. Njiani alitembea akiangalia miguu yake. Si njia, ni miguu. Alikuwa anaziangalia ncha za viatu.

Tumepewa chupa mpya, namba zile zile. Alasiri Dada alilala, mvua ikiwa imeshika. Nilikwenda jikoni. Nikamimina za 31 kwenye sahani moja na za 32 kwenye nyingine. Kapsuli zenyewe huwezi kuzitofautisha, nyeupe na kahawia kidogo, hazina harufu. Nikazirudisha kinyume: zangu kwenye chupa yake, zake kwenye chupa yangu, na pamba juu kama ilivyokuwa.

Naandika hili nikijua Muuguzi atalisoma. Mwisho ni mbali. Na mimi ni fundi, sijawahi kuandika kipimo cha uongo. Najisikia vizuri. Dada alinipa sehemu yake ya kila kitu, na sasa kwa mara ya kwanza nimempa kitu asichoweza kukirudisha kwenye sahani yangu.

Aprili 1

Kapsuli mbili. Mwalimu alikuja mapema, kabla ya chai, kupimwa suruali mpya. Mvua.

Aprili 2

Kapsuli mbili. Mvua. Choo mara moja. Kutembea hakuna.

Aprili 3

Kapsuli mbili. Mvua. Kutembea hakuna.

Aprili 8, Jumanne

Kapsuli mbili. Barabara imejaa maji kuanzia kona mpaka mlangoni kwangu. Kutembea hakuna kwa siku ya nane. Nguo hazikauki, watu wanaleta sare za watoto niwapigie pasi. Chumba kinanuka mvuke.

Aprili 12, Jumamosi

Kapsuli mbili.

Nimemfumania Dada. Niliingia jikoni kuchukua maji ya pasi nikamkuta amesimama, mgongo umenielekea, anakwangua ukoko wa wali kwenye sufuria. Pembeni kulikuwa na masalio ya jana na ncha za mkate. Alikula vyote akiwa wima, haraka, kama mtu anayesafisha jiko.

"Dada, hicho unaandika kwenye daftari?"

"Hiki? Hiki si chakula, ni sufuria. Ningekitupa?"

Nilitaka kucheka. Baadaye nikiwa kwenye cherehani nilielewa. Kilicho laini na cha moto kinakuja kwangu. Yeye anakula kilichoganda na kilichobaki, kwa kuwa hajui kutupa, na anakula kingi. Nilidhani ni ulafi wa siri. Nilikosea, na nimekosea miaka sita.

Aprili 13

Kapsuli mbili. Leo nimeosha sufuria mimi. Amenuna.

Aprili 19

Kapsuli mbili. Mvua. Kiuno 115.

Aprili 20

Kapsuli mbili. Mvua. Sijapima.

Aprili 28, Jumatatu

Kliniki. Maji yalifika kwenye vifundo vya miguu, tukaenda hivyo hivyo.

Dada 6.6. Mimi 6.7.

Muuguzi alirudia kipimo changu kwa sababu hakukiamini, ikatoka 6.7 tena. Aliniuliza kama ninameza kapsuli. Nikasema kila siku. Aliniuliza kama ninatembea. Nikaonyesha dirisha.

Sasa nieleze nilichofikiri, kwa kuwa ndicho muhimu. Nilifikiri: imethibitika. Nilimpa Dada dawa, sukari yake ikashuka. Nikabaki na unga, yangu ikapanda. Kutoka 5.8 mpaka 6.7 kwa mwezi mmoja. Mwezi mwingine kama huu naruka mstari.

Alasiri Dada alilala. Nilikwenda jikoni, nikashusha chupa mpya tulizopewa leo, nikafungua zote mbili. Sahani nilishaziweka. Kisha nikaona mguu wa mama. Sikuona sura yake, niliona mguu ule mmoja, na gauni lililokunjwa chini ya paja. Gauni lile nilikuwa nalipinda mimi, lilikuwa pindo langu la kwanza maishani.

Niliinamia chupa. Kipande cha uzi mwekundu kilichokuwa kimenata kwenye mkono wa shati langu kikadondoka ndani ya chupa 31. Sikukitoa. Nikarudisha pamba, nikafunga, nikazirudisha chupa kwenye rafu. Sikuhamisha chochote.

Mwezi huu dawa ni yangu. Ninaogopa, na naandika kwamba ninaogopa.

Aprili 29

Kapsuli mbili. Mwalimu alikuja kabla ya chai kuchukua suruali. Anasema kiuno kinabana. Nilimwachia sentimita nne za akiba, na bado inabana. Mvua.

Aprili 30

Kapsuli mbili. Mvua. Dada alinisukumia nusu ya samaki wake. Nimeshashiba, akasema. Sikuweza kumtazama. Nilikula.

Mei 4

Kapsuli mbili. Mvua imepungua. Nimetembea dakika kumi, mpaka kona na kurudi.

Mei 9

Kapsuli mbili. Kutembea dakika ishirini na tano. Dada alikataa kuja. Anasema viatu vimelowa.

Mei 13, Jumanne

Kapsuli mbili.

Saa moja asubuhi tulikaa mezani kama kawaida, kila mtu na chupa yake. Dada alimimina kapsuli kwenye kiganja, na kitu kingine kikaanguka pamoja nazo. Kipande cha uzi mwekundu, urefu wa ukucha.

"Nyuzi zako hizi, Kibonge," akasema. "Mpaka kwenye dawa! Siku moja tutazitafuna."

Akaupuliza ukaanguka sakafuni. Mimi niliutazama pale chini. Uzi ule niliuona ukiingia kwenye chupa 31, yangu, na mwezi huu mimi sikuhamisha kitu. Kapsuli haziendi zenyewe.

"Dada, umezihamisha."

"Nimehamisha nini?"

"Kapsuli. Umeniwekea zako, ukachukua zangu."

Alianza kukoroga chai. Alikoroga muda mrefu, na chai yenyewe haina sukari.

"Nani kakwambia?"

"Uzi."

"Uzi!" Akaweka kijiko. "Haya. Nimehamisha. Tumbo langu lilinguruma tangu wiki ya kwanza, lako kimya. Nikajua dawa wamenipa mimi. Sasa mimi dawa ya nini? Nina miaka sitini na mbili, nimeshakula maisha. Wewe bado unashika mkasi."

"Tangu lini?"

"Mwezi wa pili wa utafiti. Ulipokuwa unampima Mwalimu. Na mwezi huu, alipokuja kuchukua suruali yake. Ulipopanda ile 6.7 niliogopa. Nikasema labda kwake inachelewa kufanya kazi, ngoja nimpe tena."

Nilimwambia basi. Kwamba mwezi wa pili na mimi nilihamisha, alasiri ile alipolala, siku moja kabla yake. Alinitumbulia macho.

"Kwa hiyo wewe ulizileta kwangu, mimi nikazirudisha kwako?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo mwezi wa pili kila mtu alimeza zake?"

"Ndiyo, Dada."

Akaanza kucheka. Dada akicheka, meza inacheka naye. Alijifuta macho kwa kanga, akasema Daktari akisikia atatufukuza, na kweli tunastahili. Kisha akauliza, akiwa bado anacheka, "Na mwezi huu? Ulihamisha tena?"

Nikasema, "Na mwezi huu pia."

Sijui kwa nini. Najua kwa nini. Uso wake ulikuwa na furaha ambayo sijaiona muda mrefu, na mimi ndiye nilikuwa sababu.

"Basi siku zote tumemeza zetu!" akasema. "Wajinga wawili ndani ya nyumba moja." Akaenda kuosha vikombe akiimba.

Ukweli uko hapa, kwenye ukurasa huu. Yeye anaamini dawa iko namba 32. Mimi naamini iko namba 31. Kila mmoja aliamini ni yake. Yeye mwezi huu alinipa alichodhani ni dawa. Mimi mwezi huu nilibakiza nilichodhani ni dawa. Na jambo la kwanza lililonijia kichwani mezani pale, kabla sijamhurumia, ni hili: kumbe wiki mbili hizi nimekuwa nikimeza unga.

Chupa ziko kwenye rafu. Ninaweza kuzirudisha zangu wakati wowote.

Mei 14

Kapsuli mbili. Sijazirudisha. Zikae kwake.

Mei 15

Kapsuli mbili. Kutembea dakika thelathini. Dada amekuja. Alisimama kila baada ya nyumba tatu, anasema anaangalia mapazia ya watu.

Mei 19

Kapsuli mbili. Jua. Nguo zote za mtaa ziko kwenye kamba.

Mei 23, Ijumaa

Kapsuli mbili. Wametupima leo mapema kidogo, na Jumatatu watarudia ili wawe na hakika. Dada 7.2. Mimi 6.3.

Alisema, "Mashine zenyewe za siku hizi." Alisema hivyo mara mbili. Nyumbani aliketi akavua viatu, akaanza kuhesabu vidole vya miguu kwa kidole cha mkono, taratibu, kama anayehesabu watoto kwenye foleni. Aliponiona akaficha miguu chini ya kiti.

Mei 25, Jumapili

Kapsuli mbili, za mwisho. Mvua imekatika wiki nzima sasa. Ufa wa ukutani uliokuwa unavuja umekauka.

Kesho daftari linakwenda. Nimesoma kurasa zote. Naandika kwa penseli, na penseli inafutika. Nimechukua ufutio kwenye kopo la chaki, nikauweka juu ya meza kando ya ukurasa wa Mei 13 na ule wa Aprili 28. Ufutio huu nilishautumia mara moja kwenye daftari hili, kwa jambo dogo, na hakuna aliyejua.

Nimekaa nao saa nzima. Nimeurudisha kwenye kopo. Kama Muuguzi ndiye wa kwanza kusoma kwamba nilimdanganya Dada, basi nitakuwa mtu mbaya mara mbili.

Mei 26, Jumatatu

Naandika nikiwa kwenye benchi la ukumbini. Dada yuko ndani anapimwa. Mimi nimeshapimwa: 6.2. Kiuno kwa futi yao 111. Sikusema kitu kuhusu futi.

Nilimkabidhi Muuguzi daftari, na kabla hajalifunga kwenye bahasha nikamweleza habari za kapsuli, kuhamisha kwangu na kuhamisha kwa Dada. Nilitegemea atapiga kelele. Yeye aliuliza tu, "Mnaishi nyumba moja?" Nikasema ndiyo. Akaenda kwa Daktari, akakaa huko kidogo, akarudi akiwa anazuia kicheko.

"Baba, amesema nikwambie, maana kwenu imekwisha. Watu wa nyumba moja tunawapa aina moja. Namba mbili, lakini aina moja."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu tunawajua. Mke anampa mume, mama anampa mtoto. Mwaka jana kulikuwa na mapacha waliochanganya kwenye kopo moja ili mtu asipunjwe."

"Aina gani? Dawa au unga?"

"Hilo hata mimi sijui. Mpaka utafiti wote uishe."

Kwa hiyo nilichompa na nilichomnyima vilikuwa kitu kimoja. Kiuno changu, nadhani, kilipunguzwa na daftari na barabara kavu, na kilirudishwa na maji ya Aprili. Sukari yake sijui. Nilipoambiwa nilifurahi, tena haraka sana, kama mtu aliyefutiwa kesi. Baadaye nikakumbuka kwamba Aprili 28, nikiwa na chupa mbili mbele yangu, mimi sikuwa najua hilo.

Nimemwomba Muuguzi anirudishie daftari kwa dakika kumi, nimalizie. Amesema kumi tu.

Dada ametoka. Ameshika karatasi. 7.1. Mara mbili juu ya mstari. Daktari amemwandikia vidonge vya kisukari, vya kweli, vyenye jina lililoandikwa juu, na amemwambia akivimeza vizuri na kutembea hakuna wa kumgusa mguu. Ameyarudia maneno hayo kwangu yote, mpaka "hakuna wa kumgusa mguu," kisha akaketi, benchi likalia. Mkono wake ulikuwa baridi.

Nimemwambia habari ya aina moja. Mabega yake yakaanza kutikisika. "Wametuweza," akasema. "Wametuweza kabisa."

Kisha nimemfungulia ukurasa wa Aprili 28, na baada yake wa Mei 13, nikampa. Amevaa miwani. Amesoma kurasa hizo mbili, akarudi mwanzo, akasoma zote, akilowesha kidole. Muuguzi alichungulia akaondoka. Nilikuwa nikiangalia sakafu, vigae vinne kwa vitano, kimoja kimepasuka.

Amefika mwisho. Amenyoosha mkono. Anataka penseli.

*Mimi ni namba 32, dada yake. Nimesoma mpaka hapa. Ile chupa ya mwezi wa tatu wa utafiti nilimpa mwenyewe, kwa hiyo hakunyang'anya mtu. Alikuwa anaogopa na mimi nilijua anaogopa, kwa sababu siku ile ya 6.7 aliosha vyombo bila kuambiwa. Muuguzi, andika na hili ili hesabu zenu zikae sawa. Machi 14 ameandika mkate vipande viwili. Angalia karatasi ilivyochakaa hapo, amefuta. Alikula vitatu. Cha tatu kilikuwa changu, nilimwambia nimeshashiba.*